Mwanaume, sonona na testosteroni: mwongozo kamili wa kufuata kabla hujakubali sindano

Nimeamua kuyaandika haya yote kwa mpangilio kwa sababu swali ni lile lile, kama sonona inaletwa na homoni au la, na wanaume wanakwama pale pale. Mtu ana miezi hana raha, amechoka tangu anaamka, hana hamu na mkewe, anasoma mahali kwamba ni homoni ya kiume, testosteroni, imeshuka, anaenda kupima saa tisa mchana akitokea kazini, anakuta namba ya chini na siku hiyo hiyo anachomwa sindano. Miezi mitatu baadaye anasema bado analia akiwa peke yake bafuni na sasa korodani nazo zimesinyaa. Inaniuma sana hii, manake karibu yote hayo yangeepukika kwa kufuata utaratibu tu.

Utaratibu wenyewe ndo huu. Sonona inaanza kutibiwa leo, haisubiri majibu ya homoni. Na homoni haianzwi mpaka imepimwa asubuhi, siku mbili tofauti, na sababu ya kushuka kwake ikatafutwa. Ukishika hapo, mengine yote ni maelezo.

## Kama sasa hivi unafikiria kufa

Acha kwanza hizo hatua nyingine. Mpigie mtu mmoja unayemwamini na umwambie wazi kabisa: "nina mawazo ya kujiua, naomba uje ukae na mimi." Usizunguke, usiseme tu kwamba hujisikii vizuri, atadhani una mafua.

Nenda hospitali sehemu ya dharura au piga namba ya dharura ya nchi uliyopo. Dawa nyingi, sumu, silaha, chochote ulichokuwa unakifikiria, akae nacho mtu mwingine nje ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na wanaume ndo wengi zaidi. Haya mawazo yanapanda halafu yanashuka, kazi ya leo ni kuyavuka haya masaa ukiwa na mtu pembeni. Mwongozo utausoma ukiwa salama.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Kila siku mistari mitatu tu: umelala saa ngapi hadi saa ngapi, mudi yako kati ya 0 na 10, umekunywa pombe kiasi gani.
- Fomu ya PHQ-9. Ni maswali 9 ya sonona, ni bure, na karibu kila daktari anaijua.
- Orodha ya kila unachomeza au kujichoma: dawa za hospitali, za kienyeji, unga wa jimu, vidonge vya nywele, "vya kuongeza nguvu", vyote. Hata vile unavyoona aibu kuvitaja, hasa hivyo.
- Majibu yoyote ya zamani ya damu.
- Mtu mmoja anayejua unapitia nini. Mke, kaka, rafiki, yeyote, ila awepo.
- Daktari wa kawaida wa kuanzia. Mtaalamu wa homoni au wa njia ya mkojo anakuja baadaye, na kama kuna mtaalamu wa afya ya akili unayeweza kumfikia, mtafute mapema kwa sababu foleni zao huwa ndefu.

Na muda. Jipe kama miezi mitatu mpaka uwe na jibu la uhakika kuhusu homoni. Najua ukiwa kwenye hali hiyo miezi mitatu inaonekana kama miaka, ndo maana hatua ya 2 inaanza mara moja.

## Hatua ya 1: Pima sonona yenyewe

Jaza PHQ-9 ukiwa umetulia, peke yako, ukifikiria wiki mbili zilizopita tu. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Alama 5 hadi 9 ni sonona nyepesi, kuanzia 10 ni ya kati na hapo unahitaji kuonana na daktari, kuanzia 15 inaanza kuwa nzito, na 20 kwenda juu ni nzito sana. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na hilo ukijibu chochote zaidi ya 0 unamwambia daktari siku hiyo hata kama jumla yako ni ndogo.

Kwanini uanze hapa? Kwa sababu bila namba ya mwanzo hutajua kama kitu chochote kimekusaidia. Mtu anachomwa sindano, wiki ya kwanza anajisikia moto kwa sababu ya matumaini tu, anasema imefanya kazi, baada ya mwezi hajui tena alianzia wapi.

Kitu kingine, sonona kwa mwanaume mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira za haraka, kufokea watoto kwa kitu kidogo, kunywa zaidi, kuendesha gari kwa fujo, kujifukia kwenye kazi mpaka usiku ili usirudi nyumbani ukakaa na mawazo, au maumivu ya mgongo na tumbo ambayo vipimo havioni kitu. Kwahiyo usiseme "mimi sina huzuni, kwahiyo sio sonona." Kama vitu ulivyokuwa unavipenda havikupi tena ladha na imepita wiki mbili, hiyo tayari ni dalili kubwa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi yenye namba na tarehe.

## Hatua ya 2: Anza matibabu ya sonona wiki hii hii

Nenda kwa daktari na hiyo karatasi. Mwambie una sonona na unataka pia kujua kuhusu testosteroni, taja vyote viwili, usimfiche kimoja.

Matibabu yenye ushahidi mzuri ni mawili, tiba ya mazungumzo na dawa za sonona, na kwa sonona nzito mara nyingi vinaenda pamoja. Dawa zinazoanziwa mara nyingi ni kama fluoksetini na setralini. Hapa sikiliza vizuri kwa sababu ndo wengi wanapoachia njiani: dawa hizi hazifanyi kazi siku ya pili. Wiki ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu, kichwa, usingizi kuvurugika, wengine wanajisikia wasiwasi umeongezeka. Nafuu inaanza kuonekana kama wiki ya pili hadi ya nne, na ili useme dawa imeshindwa inabidi uwe umeinywa kwa dozi inayotakiwa wiki 6 hadi 8. Ukipona unaendelea angalau miezi 6 mingine ndo unapunguza taratibu na daktari. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu na mshtuko wa ajabu kichwani, na sonona inaweza kurudi.

Onyo la kwanza: kabla ya dawa, mwambie daktari kama umewahi kuwa na vipindi vya kuwa juu kupita kiasi, yaani unalala masaa mawili matatu kwa siku kadhaa na huchoki, unaongea mfululizo, unatumia hela hovyo, unajiona huwezi kushindwa. Hiyo inaweza kuwa bipola, ugonjwa wa mudi kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa ya sonona peke yake inaweza kukurusha huko tena. Testosteroni nayo imewahi kuwarusha baadhi ya wanaume, hasa kwa dozi kubwa.

Onyo la pili: dawa nyingi za sonona zinaweza kupunguza hamu ya tendo au kuchelewesha kufika kileleni. Ukianza dawa leo halafu hamu ikaisha mwezi ujao, usikimbilie kusema testosteroni imeshuka. Mwambie daktari, dozi inaweza kubadilishwa au ukapewa dawa nyingine isiyo na tabia hiyo sana.

Huku nyumbani, chagua kitu kimoja kidogo kwa siku na ukipangie saa. Kutembea dakika 20 saa kumi na mbili asubuhi. Kuoga na kuvaa kabla ya saa mbili. Kumpigia mtu mmoja jioni. Usisubiri mpaka ujisikie kufanya, fanya kwanza, hamu inakuja nyuma ya tendo, na hii ni mbinu halisi inayotumika kwenye tiba ya mazungumzo wala sio maneno ya kutia moyo tu.

Rudia PHQ-9 kila wiki mbili. Alama zikishuka hadi nusu ya pale ulipoanzia, matibabu yanafanya kazi. Lengo la mwisho ni chini ya 5.

## Hatua ya 3: Ondoa vinavyoshusha homoni kabla hujaipima

Hii watu wanairuka na ndo inayowapa majibu ya uongo. Testosteroni inashushwa na vitu vingi ambavyo havihitaji sindano kuvirekebisha.

Usingizi ndo wa kwanza. Kuna utafiti wa 2011 ambapo vijana wenye afya walilala masaa 5 tu kwa usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu hiyo, sasa wewe uliyelala hivyo miaka mitatu. Na kama unakoroma sana, unashtuka usiku kama umekabwa, unaamka na kichwa kinauma na mchana unasinzia ukiwa umekaa, omba kupimwa tatizo la kukatika pumzi usingizini. Lenyewe linaleta uchovu na huzuni, linaendana na homoni kuwa chini, na testosteroni inaweza kulizidisha. Muulize mnayelala naye kama pumzi yako huwa inasimama, yeye anajua kuliko wewe.

Pombe nyingi inashusha homoni na inakuza sonona kwa wakati mmoja. Ila kama unakunywa kila siku kwa wingi usiache ghafla peke yako, kutetemeka na degedege la kuacha pombe vinaweza kuua, pata daktari wa kukusimamia.

Uzito wa tumbo. Mafuta yanageuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na mwenye kitambi akipungua kilo za kutosha homoni yake mara nyingi inapanda yenyewe.

Dawa. Dawa kali za maumivu kama mofini, tramadoli na ndugu zao zikitumika muda mrefu zinapunguza sana ishara kutoka kwenye ubongo. Prednisoloni na deksamethasoni nazo zinashusha. Na kama umewahi kutumia steroidi za jimu, hata miaka miwili iliyopita, sema. Ukiziacha mwili unakaa miezi bila kutengeneza testosteroni ya kutosha na sonona ya kipindi hicho inaweza kuwa kali mpaka mawazo ya kujiua. Daktari asiyejua hilo atatafuta ugonjwa ambao haupo.

Hapa unatafuta wiki tatu hadi nne kwenye daftari ambazo umelala vizuri kiasi unachoweza, pombe imepungua, na orodha ya dawa iko mezani kwa daktari. Usisubiri uwe mkamilifu, ukiwa na sonona usingizi hautanyooka wote.

## Hatua ya 4: Pima testosteroni inavyotakiwa

Sasa hapa ndo penyewe, soma polepole.

Testosteroni inapanda usiku ukiwa umelala, inakuwa juu asubuhi halafu inashuka kadri siku inavyoenda. Kula nako kunaishusha kwa muda. Kwahiyo damu inatolewa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, tumbo tupu, maji tu. Chai ya maziwa na sukari ni chakula, iache kwanza. Kama unafanya kazi za usiku, saa ya ukutani haikuhusu, toa damu muda mfupi baada ya kuamka kutoka kwenye usingizi wako mrefu, na umwambie daktari ratiba yako.

Usipime ukiwa na homa, ukiwa umetoka kulazwa au kufanyiwa upasuaji, mwili mgonjwa unashusha homoni wenyewe, subiri wiki kadhaa upone. Vidonge vya nywele na kucha mara nyingi vina vitamini iitwayo bayotini kwa wingi na bayotini inavuruga mashine za maabara, acha angalau siku mbili kabla.

Pima mara mbili, siku tofauti, ikiwezekana maabara ile ile. Miongozo ya madaktari bingwa wa homoni wa Marekani ya 2018 inasema hivyo hivyo na sababu ni rahisi, wanaume wengi ambao kipimo cha kwanza kiko chini, cha pili kinarudi kawaida.

Nikuonyeshe kwa karibu. Tuseme karatasi yako ya kwanza inasomeka hivi: testosteroni jumla 9.6 nmol/L, na juu kwenye kona kwa maandishi madogo, muda wa kuchukua sampuli 15:40, yaani alasiri. Watu wanasoma ile 9.6 na hawasomi 15:40. Mtu huyo huyo akirudi wiki ijayo saa mbili asubuhi, amelala, hajala, anaweza kabisa kusoma 13.1. Ya kwanza ingemtia kwenye sindano za maisha, ya pili inamwambia tatizo litafutwe kwingine. Ukipewa majibu, macho yako yaanzie kwenye saa ya sampuli ndo yaende kwenye namba.

Kipimo cha kwanza kikiwa chini, kwenye cha pili omba na hivi: SHBG, ambayo ni protini inayobeba homoni kwenye damu, LH na FSH, ambazo ni ishara za ubongo kwenda kwenye korodani, prolaktini, ambayo ni homoni ya maziwa, na picha kamili ya damu yenye hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Ongeza TSH ya tezi ya shingo, sukari, na madini ya chuma. Tezi ya shingo ikilala, au damu ikipungua, unapata uchovu na huzuni ambayo haitofautiani na sonona kwa macho, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Uko tayari kwa hatua inayofuata ukiwa na karatasi mbili za asubuhi, kila moja ina saa na kipimio chake (nmol/L au ng/dL).

## Hatua ya 5: Soma majibu, usisome namba moja tu

Angalia kwanza kipimio. Kama ni nmol/L, zidisha kwa 28.8 kupata ng/dL. Yaani 13.1 ni kama 377, na 9.6 ni kama 276. Watu wanachanganya hivi viwili na kuogopa bure.

Madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani wanatumia 300 ng/dL kama mstari wa chini. Ulaya wengi wanaangalia 8 na 12 nmol/L: chini ya 8 na dalili zipo, matibabu yanazungumzwa. Juu ya 12, homoni mara nyingi siyo tatizo. Katikati hapo ndo SHBG inasaidia, kwa sababu mtu mwenye uzito mkubwa SHBG yake huwa chini, kwahiyo jumla inasoma chini wakati ile homoni huru inayofanya kazi iko sawa. Kwa wazee inakuwa kinyume, jumla inaonekana nzuri na ile huru imepungua.

Halafu LH. Ubongo ni kama bosi na korodani ndo kiwanda. Testosteroni ikiwa chini na LH iko juu, bosi anapiga kelele na kiwanda hakitoi, tatizo liko kwenye korodani. Testosteroni ikiwa chini na LH nayo iko chini au "kawaida", bosi amenyamaza, na hapo lazima ijulikane kwanini: dawa za maumivu, uzito, usingizi, steroidi za zamani, madini ya chuma kuzidi, au uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Prolaktini ikiwa juu sana daktari ataagiza picha ya kichwa, na mara nyingi tiba ni vidonge vya kushusha prolaktini, homoni inapanda yenyewe bila sindano. Ukiwa na maumivu ya kichwa yanayoendelea, huoni vizuri pembeni, au chuchu zinatoa maziwa, usingoje zamu, nenda mapema.

Sasa linganisha na dalili. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka 2010, wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79, ulikuta dalili zinazoendana kwelikweli na testosteroni kuwa chini ni tatu na zote ni za kitandani: kusimama kwa asubuhi kumepungua, hamu imepungua, na uume hausimami vizuri. Uchovu na huzuni peke yake vinakuja kwa sababu nyingi mno. Na kujiona huna thamani, hatia isiyoisha, kukata tamaa, kutamani kufa, hizo ni lugha ya sonona, usitegemee jeli ya testosteroni ya kupaka begani izitoe.

Maoni yangu bila kuzunguka: kama kipimo chako ni cha kawaida na PHQ-9 ni 17, mtu anayekuuzia testosteroni anakuchelewesha kupona.

## Hatua ya 6: Maswali ya kumaliza kabla ya kusema ndiyo

Unataka mtoto, sasa au baadaye? Hili liwe la kwanza. Testosteroni ya kutoka nje inamwambia bosi anyamaze, korodani zinaacha kutengeneza mbegu, mpaka ilishajaribiwa kama uzazi wa mpango kwa wanaume. Ukiacha, mbegu kwa wengi zinarudi ndani ya miezi 6 hadi 12, kwa wengine zaidi ya hapo, na wachache hawarudi walipokuwa. Mwenye kutaka mtoto aulize kuhusu njia nyingine kama klomifeni au hCG, chini ya mtaalamu. Na mkeo awepo kwenye mazungumzo haya, linamhusu.

Damu yako ikoje? Testosteroni inaongeza chembe nyekundu, damu inakuwa nzito. Hematokriti ikiwa tayari imefika 50 kabla ya kuanza, itafutwe sababu kwanza.

Tezi dume? Kama umewahi kuwa na saratani ya tezi dume au ya matiti, au PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, iko juu ya 4, au una shida kubwa ya kukojoa, huanzi mpaka mtaalamu aseme.

Moyo? Umepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi 6 iliyopita, subiri. Utafiti uitwao TRAVERSE, majibu yake yalitoka 2023, ulifuata wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 wenye hatari ya moyo na testosteroni ya chini. Shambulio la moyo na kiharusi havikuzidi ukilinganisha na waliopewa dawa ya mfano isiyo na testosteroni, hiyo ni habari njema, lakini mapigo ya moyo kwenda ovyo na damu kuganda kwenye mapafu vilikuwa vingi zaidi kwa waliotumia testosteroni.

Unategemea nini kwenye mudi? Uwe mkweli na nafsi yako. Majaribio ya wazee 790 wa miaka 65 na kuendelea, wote testosteroni chini, yaliyotoka 2016, yalionyesha hamu ya tendo imepanda vizuri na mudi imepanda kidogo. Uchambuzi wa 2019 uliokusanya majaribio 27 ulikuta dalili za sonona zinapungua kwa baadhi, hasa dozi ikiwa ya kutosha. Lakini chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani mwaka 2020 kilisema kwa mwanaume ambaye homoni imeshuka kwa umri, itumike kwa shida ya tendo la ndoa, wasiianze kwa ajili ya kutafuta nguvu za mwili au akili. Kwahiyo ni msaidizi, matibabu ya sonona yanaendelea pale pale.

## Hatua ya 7: Chagua njia

Hapa sikai sana kwa sababu daktari atakwambia kilichopo. Jeli inapakwa kila asubuhi begani au mkononi na inaweka kiwango cha kutulia. Sindano za muda mfupi ni kila wiki moja au mbili, na baadhi wanalalamika wanapanda siku za mwanzo halafu kabla ya sindano nyingine mudi inaporomoka, kwa mtu mwenye sonona hilo ni la kuangalia sana, daktari anaweza kugawa dozi ikawa ndogo na ya karibu karibu. Sindano ndefu inakaa wiki 10 hadi 14.

Onyo kubwa la jeli: ikigusa mtoto au mwanamke inamwingia. Watoto wamewahi kuota nywele za sehemu za siri mapema kwa sababu ya kubebwa na baba aliyepaka. Osha mikono kwa sabuni, acha ikauke, vaa shati, na sehemu uliyopaka ioshwe kabla ya kukumbatia mtu ngozi kwa ngozi.

Usinunue kwa mtu wa jimu. Hujui kilichomo kwenye ile chupa, na hakuna atakayekupima damu.

## Hatua ya 8: Miezi sita ya kwanza

Hamu ya tendo huanza kubadilika kama wiki ya 3 hadi ya 6. Mudi nayo inaweza kuanza kipindi hicho hicho, ila inachukua miezi kukomaa. Kwahiyo wiki ya pili ukiwa bado chini, usiongeze dozi mwenyewe. Dozi ya ziada haileti furaha ya ziada, inaleta chunusi, hasira, usingizi mbaya na damu nzito.

Rudi maabara kati ya mwezi wa 3 na wa 6, halafu mwezi wa 12: testosteroni, hematokriti, na PSA kwa mwenye umri wa kupimwa. Hematokriti ikizidi 54 dozi inasimamishwa mpaka ishuke. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, kukosa pumzi ghafla, au udhaifu wa upande mmoja.

PHQ-9 unaendelea nayo kila wiki mbili. Na mwambie yule mtu wako wa karibu akuangalie: kama umekuwa mkali, hulali, unaongea haraka na mipango mikubwa mikubwa, akupeleke kwa daktari hata wewe ukisema uko poa kuliko zamani.

Mafanikio yanaonekana hivi: testosteroni iko katikati ya kiwango cha kawaida, hamu imerudi, alama za PHQ-9 zimeshuka, damu iko salama. Kama namba ya homoni imepanda na baada ya miezi 6 hujisikii tofauti, basi homoni haikuwa chanzo, na kuendelea kujichoma hakuna faida.

Kuacha nako kuna utaratibu. Korodani zilikuwa zimelala, kwahiyo kuna wiki kadhaa, kwa wengine miezi, ambazo homoni itakuwa chini hata kuliko ulivyoanza na mudi inaweza kushuka nayo. Panga na daktari tarehe ya kuacha, isiwe kipindi cha msiba au kuachishwa kazi, dawa za sonona zisiguswe kipindi hicho, weka miadi ya wiki ya 2 na ya 6, na mtu wako wa karibu apewe hizo tarehe aziandike kwenye simu yake.